Jiko la kuni ndani ya eneo la udhibiti wa moshi Uingereza: kibandiko peke yake hakitoshi

Muuzaji atakuonyesha kibandiko cha Ecodesign akuambie hili jiko ni safi, chukua. Hajakudanganya, ila hajamaliza maelezo. Kwa anayeishi ndani ya eneo la udhibiti wa moshi nchini Uingereza, yaani eneo lililotangazwa na halmashauri ambamo moshi wa dohani una adhabu, Ecodesign ni habari moja, na ruhusa ya kuchoma kuni katika jiko hilo ni habari nyingine kabisa.

Ecodesign ni sharti la kiwandani. Tangu tarehe 1 Januari 2022, jiko jipya la kuni lenye mlango haliruhusiwi kuingia sokoni ikiwa hewa inayotoka kwenye bomba lake ina zaidi ya miligramu 40 za chembechembe, au zaidi ya miligramu 1,500 za kaboni monoksidi, kwa kila mita ya ujazo. Ufanisi wake wa msimu, yaani sehemu ya nishati ya kuni inayogeuka kuwa joto la chumba, nao lazima ufike asilimia 65. Ruhusa ya eneo la udhibiti wa moshi hupimwa kwa mizani tofauti: gramu 5 za moshi kwa saa, ukiongeza gramu 0.1 kwa kila kilowati 0.3 za nguvu ya jiko. Tena jiko hupimwa hata likiwa limebanwa hewa na kuwaka polepole, na hapo ndipo majiko mengi hufeli, kwa sababu moto ulionyimwa hewa hupika kuni badala ya kuziunguza. Ndiyo maana jiko lililopewa ruhusa huwa na kizuizi kidogo cha chuma kwenye mkono wa kurekebisha hewa inayoingia kwa juu, ili usiweze kuifunga kabisa hata ukitaka. Fundi akikuambia atakiondoa "ili kuni zikae usiku kucha", mwambie aache. Kikiondoka, jiko si lile lililopimwa tena.

Kibandiko kinachounganisha mambo haya mawili ni cha clearSkies. Kiwango cha 2 kinamaanisha Ecodesign tu. Kuanzia kiwango cha 3 kwenda juu jiko linafaa pia eneo la udhibiti wa moshi. Hata hivyo, la mwisho la kuamini ni orodha yenyewe ya majiko yaliyoruhusiwa. Kwa England inatunzwa na DEFRA, wizara ya mazingira. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina za kwao. Isome kwa makini kama unavyosoma hati ya kiwanja. Tafuta jina la mtengenezaji, kisha modeli herufi kwa herufi, kisha fueli iliyotajwa. Mara nyingi modeli moja hutoka kwa sura mbili, ya kawaida na yenye herufi SE mwishoni, na tofauti ni kile kizuizi cha hewa. Mitumba ndiyo huwanasa watu hapa: jiko linafanana kabisa na la kwenye orodha, kumbe ni toleo la kawaida. Baadhi ya watengenezaji huuza kifaa cha kuligeuza, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, si baada ya kulibeba.

Kuhusu sheria yenyewe, kwa ufupi. Moshi mzito ulioifunika London mwezi Desemba 1952 ukaua maelfu ndio uliozaa Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Inayotumika leo England, Scotland na Wales ni ya 1993. Ndani ya eneo lililotangazwa na halmashauri una njia mbili. Ama uchome fueli isiyotoa moshi iliyoidhinishwa, kama anthrasaiti (makaa ya mawe magumu), na hiyo yaweza kuchomwa hata kwenye meko ya wazi. Ama uchome kuni ndani ya jiko lililo kwenye orodha. Kuni kwenye meko ya wazi haziruhusiwi. Kwa England, moshi ukionekana ukitoka kwenye dohani adhabu ni kati ya pauni 175 na 300, na kununua fueli isiyoidhinishwa kwa ajili ya jiko lisilo na ruhusa kunaweza kukugharimu hadi pauni 1,000. Sehemu kubwa ya London na miji mingi mikubwa imo ndani ya maeneo haya, lakini mpaka unaweza kupita katikati ya mtaa. Halmashauri yako ndiyo itakayokujibu.

Tuje kwenye ukubwa, ambako makosa ni mengi kuliko pengine popote. Watu hununua jiko kubwa wakidhani ni akiba ya joto. Pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, zidisha, kisha gawa kwa 14 kama kuta zimezibwa baridi kwa kiasi cha kawaida. Nyumba inayovuja joto gawa kwa 10. Iliyozibwa vizuri gawa kwa 20 au zaidi. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.4 kina mita za ujazo 48, yaani kinahitaji kilowati 3.4 hivi. Ukiweka humo jiko la kilowati 8, baada ya nusu saa utatoka jasho, utabana hewa, na kuanzia hapo kioo kitakuwa cheusi, dohani itajaa kreosoti (lami ya moshi), na jirani ataona moshi. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu ni safi kuliko kubwa linalosinzia. Baina ya kilowati 4 na 5 vyumba vingi vya kawaida vinatosheka.

Tena kilowati 5 ndio mpaka wa kisheria wa hewa. Kwenye nyumba ya zamani yenye mianya ya kutosha, jiko lisilozidi kilowati 5 kwa kawaida halihitaji tundu la kudumu ukutani. Likizidi, unahitaji milimita za mraba 550 kwa kila kilowati ya ziada: la kilowati 7 linataka 1,100. Nyumba mpya iliyobanwa, ambayo kipimo chake cha kuvuja hewa ni mita za ujazo 5 au pungufu kwa saa kwa kila mita ya mraba, inahesabiwa kilowati zote tangu ya kwanza, kwa hiyo hata la kilowati 5 linataka 2,750. Nyumba za namna hiyo afadhali zipate jiko linalovuta hewa moja kwa moja kutoka nje kwa bomba lake. Na feni ya kutoa hewa jikoni isisahaulike: kwenye nyumba iliyobanwa hushinda nguvu ya dohani, ikavuta moshi urudi sebuleni.

Bomba la moshi lina gharama inayoweza kulingana na ya jiko au kuizidi, kwa hiyo liingize kwenye bajeti mapema. Kipimo cha kawaida cha ndani ni milimita 150. Majiko mengi yenye ruhusa hukubali 125, lakini yule anayelisema hilo lazima awe mtengenezaji, kwa maandishi. Kimo kisipungue mita 4.5 kutoka juu ya jiko hadi mdomo wa dohani. Kona zisizidi nne, na kila moja isipite nyuzi 45. Bomba likitokea nyuma ya jiko, kipande cha mlalo kisizidi milimita 150. Bomba la ngozi moja, yaani lenye ukuta mmoja tu wa chuma, likae mbali na mbao kwa mara tatu ya kipenyo chake, au mara moja na nusu kukiwa na ngao. Dohani ya matofali ya zamani huwekewa bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu ndani yake: daraja la 316 kwa anayechoma kuni tu, 904 kwa anayetarajia kuchoma pia makaa yasiyotoa moshi. Usichanganye kuni na makaa hayo kwenye moto mmoja. Maji ya kuni yakikutana na salfa ya makaa huzaa asidi, nayo huitoboa ile chuma kutoka ndani. Bomba hilo lina mishale. Ielekee juu, njia inayopita moshi.

Chini ya jiko panatakiwa jiwe au zege. Unene ni milimita 125, isipokuwa mtengenezaji athibitishe kwamba jiko halipashi sakafu zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo milimita 12 zinatosha. Jiwe lijitokeze angalau milimita 225 mbele ya jiko linalotumika mlango ukiwa umefungwa, 300 kwa linaloweza kutumika wazi, na 150 kila upande. King'ora cha kaboni monoksidi ni lazima: kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko kwa mlalo, kikiwa darini umbali wa milimita 300 kutoka ukutani, au ukutani juu ya milango na madirisha bila kuikaribia dari chini ya milimita 150.

Sasa kuni, kwani jiko la bei yoyote likilishwa kuni mbichi litatoa moshi tu. Unyevu usizidi asilimia 20. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu yake maji kwa uzito, na maji hayo lazima yachemke kwanza kabla chumba hakijapata joto. Tangu tarehe 1 Mei 2021 kuni zinazouzwa England kwa kiasi kilicho chini ya mita za ujazo 2 lazima ziwe kavu kwa kiwango hicho, na alama ya kutafuta kwenye mfuko ni Ready to Burn. Ukiwa na kipimo chako cha unyevu, pasua kipande kwanza na uchome sindano kwenye uso mpya, katikati. Ukipima ganda la nje utajidanganya.

Kilo 1 ya kuni kavu ina kilowati-saa 4 hivi. Jiko la kilowati 5 lenye ufanisi wa asilimia 78 linakula kama kilo 1.6 kwa saa, yaani vipande viwili vya unene wa sentimita 10. Watu wanaolijaza hadi juu wanaharibu kipimo cha ruhusa bila kujua.

Kuwasha ni juu kwenda chini: vipande viwili chini, vijiti vyembamba kumi au kumi na miwili vimepangwa msalaba juu yake, kiwashio kileleni. Moto ukishuka, gesi ya kuni za chini hupita kwenye ndimi na kuungua badala ya kukimbilia dohani ingali baridi. Hewa zote wazi mwanzoni. Moto ukishika, funga ya chini, kwa sababu kuni hupenda hewa inayotoka juu, kisha punguza ya juu taratibu. Kipimajoto cha sumaku kwenye bomba la ngozi moja kikae kati ya nyuzi 115 na 245 hivi. Ongeza kuni wakati ndimi zinakwisha lakini makaa bado mekundu, na ufungue hewa dakika chache mpaka kipande kipya kishike. Kuni zipewe kitanda cha majivu cha sentimita 2 au 3. Makaa yasiyotoa moshi, kinyume chake, yanataka wavu safi na hewa kutoka chini.

Jiko likianza kukusumbua, kagua hivi. Kioo cheusi kote: unyevu, au hewa imebanwa mno. Kona moja tu nyeusi: kamba ya mlango imelegea hapo. Fungia karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kukaza, badilisha kamba. Moshi chumbani kila ukifungua mlango: angalia bamba lililo juu ya moto, kwani masizi hujilundika mgongoni pake hadi njia ikaziba. Mabamba ya vamikulaiti, yale yanayokinga kuta za ndani za jiko, hupasuka yakigongwa na kuni. Ufa si tatizo, kipande kilichodondoka ni tatizo, kwa sababu joto litapita moja kwa moja. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa kuni mara mbili ni bora.

Fundi aliyesajiliwa HETAS, shirika linalosajili mafundi wa majiko ya namna hii, hujithibitishia kazi mwenyewe na kukuachia cheti. Asiyesajiliwa anakulazimu kuarifu idara ya ujenzi ya halmashauri kabla ya kazi kuanza. Cheti hicho kiweke pamoja na kitabu cha jiko: mnunuzi wa nyumba na kampuni ya bima watakiomba, na ofisa wa halmashauri akibisha hodi kuhusu moshi, atataka modeli iliyoandikwa kwenye bamba nyuma ya jiko ilingane na ile ya kwenye orodha.