Nilivyowatembeza wakwe zangu wa Mwanza hapa Tanga

Mimi mtu wa Tanga nimeolewa na Msukuma, sasa Disemba mama mkwe akaja na wifi yangu na watoto. Hapa kwetu mgeni akifika anapelekwa ufukweni Raskazone, mnakaa, dafu, picha, mnarudi nyumbani. Ila hawa wamezaliwa na Ziwa Victoria mlangoni, na mama mkwe alishaniambia kwenye simu kabisa, "Mwanangu usihangaike, maji tunayo."

Basi nikaona nianze na kitu ambacho ziwa halina. Nilisubiri mwezi mpevu maana siku hizo ni bamvua, maji yanajaa haswa afu yanapwa mpaka mbali. Tukaenda Raskazone saa nne asubuhi, bahari imekimbia, watoto wanakimbizana na kaa mchangani, mama kakaa kivulini anaangalia tu hana habari. Saa kumi nikawarudisha pale pale, walipokuwa wanacheza watoto sasa ni maji matupu. Mama akasimama akauliza, "Haya yalikuwa wapi?" Nikamwambia ni mwezi huo unayavuta, akanitazama kama namtania, akamgeukia wifi wakaongea Kisukuma wakacheka, sijui walinisema nini.

Kesho yake asubuhi Deep Sea, soko la samaki. Hapo sikuongoza mtu, yaani mama aliingia akafunua mashavu ya changu kama anakagua sato, akakataa wa kwanza, wa pili, muuzaji akaanza kumwita bosi. Pweza ndo alimshinda, hakutaka hata kumgusa.

Tongoni ndo napapenda kuliko pote na watu wengi wa mjini hawajawahi kufika, ni kama kilomita 20 hivi njia ya Pangani. Kuna msikiti wa zamani umebaki kuta, na makaburi yenye nguzo, ukiangalia nguzo utaona vishimo, humo zilipachikwa bakuli na sahani za kutoka ng'ambo, zimeshang'olewa. Vasco da Gama alipita maeneo haya, meli yake moja ilikwama kwenye mwamba 1498 na wakati wa kurudi 1499 akaichoma moto mwenyewe. Nendeni mapema, jua la mchana pale halina huruma, na mwacheni mtunzaji aongee, msimkatize.

Mapango ya Amboni niliyaweka mwisho makusudi. Ni karibu, kama kilomita 8 njia ya Horohoro, ila ndani kuna sehemu unainama, kuna utelezi, kuna popo, mtu mzima mwenye magoti mabovu asiingie. Mama alibaki nje na karanga zake, sisi tukaingia na tochi na viatu vya kufunika (ndala hapana jamani). Watoto wakaambiwa kuna njia inatokea Mombasa, mimi siamini hata kidogo lakini walivyofurahi sikutia neno.

Jioni zote tulimalizia Ngamiani kula. Uzuri wa Ngamiani barabara zina namba, mgeni hapotei, anamwambia bajaji barabara ya ngapi anashushwa hapo. Siku ya tatu wifi akawa anaenda mwenyewe kufata mishkaki, bei anayopewa yeye mimi sijawahi kupewa.