Mark X na tope la Menengai
Jana mvua ilitukuta juu Menengai, ile volkano ya Nakuru, mimi na gari langu Toyota Mark X, binamu na Subaru Impreza yake ya turbo. Kwenye kona nikakanyaga mafuta kidogo tu, matako ya gari yakataka kunipita! Nguvu zote ziko magurudumu ya nyuma, na tairi zangu (nakiri) ni vipara. Binamu akapita akicheka, magurudumu yote manne yakivuta.

Mteremkoni akafunga breki, akateleza hadi mtaroni. Kuvuta kwa manne hakuongezi breki hata chembe. Tulimsukuma watu sita, viatu vyangu bado viko nje.

Lakini kwa lami kavu ya kwenda Naivasha, Mark X siuzi. Magurudumu ya mbele hayana kazi ya kuvuta gari, yanakata kona kwa raha, usukani unauhisi mkononi.