Trekta langu la farasi 24 na zana zilizolikubali

Nilipoleta Dakawa trekta dogo la Kijapani, mtumba, nguvu za farasi 24, uzito kama kilo 900, kila niliyemuuliza nifunge nini nyuma alinipa jibu moja: "Plau ni plau tu, mradi trekta linawaka." Jibu hilo limenila hela nyingi. Mpaka leo nasikia wenye matrekta madogo wakiambiwa hivyohivyo, na linaniudhi kweli.

Nikauziwa plau ya diski tatu, milioni na ushee. Udongo wetu ni mbuga: mvua ikinyesha unanata, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kwanza pini hazikuingia. Matundu ya mikono ya trekta langu, ile ya nyuma inayobeba zana, ni ya milimita 22, pini za plau zilikuwa 28. Nikazipeleka Morogoro mjini kwa fundi wa kukereza vyuma. Akazipima, akaniangalia.

"Mdogo wangu, hizi ni pini za trekta kubwa. Nikizikereza zitaingia, ila plau itabaki ileile."

"Kereza tu, kaka."

Akakereza. Shambani nikavuta wenzo wa haidroliki, plau ikanyanyuka kidogo, kisha nikaona tairi za mbele zinaachia ardhi. Usukani ukawa mwepesi mkononi, hauna kazi. Nikashusha haraka, moyo unanienda mbio, maana hivyo ndivyo trekta linavyompindukia mtu. Vijana wakafunga viroba vya mchanga mbele. Pua ikatulia, diski zikazama, na tairi za nyuma zikaanza kuzunguka palepale hadi zikachimba mashimo mawili. Tukafungua diski moja, zikabaki mbili. Hali ileile. Plau ile ina zaidi ya kilo 300, yaani theluthi ya trekta zima, na mbuga nayo inaivuta chini. Fundi alishaniambia yote kwa sentensi moja.

Nikaiuza kwa hasara, nikatafuta rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka kufukua udongo. Safari hii nilikwenda na futi kamba. Kutoka nje ya tairi moja la nyuma hadi nje ya jingine ni sentimita 112, kwa hiyo rotaveta ya mita 1.2 inafukua na nyayo zote za matairi. Muuzaji alinisukumia ya mita 1.5 eti nitamaliza shamba mapema. Kwa farasi 24 kwenye mbuga, injini ingekuwa inakohoa kila hatua. Ukikosa kabisa ya upana wako ukapata nyembamba, isogeze upande mmoja ifute unyayo wa tairi moja, halafu panga mizunguko yako kwa upande huo.

Kazi niliyoifanya kwa mkono wangu na ninayojivunia ni propela, yaani shafti ya kupeleka mzunguko wa trekta kwenye rotaveta. Iliyokuja na rotaveta ilikuwa ndefu, na propela ndefu ukiinua mikono inasukuma PTO, kile kishina cha nyuma ya trekta kinachozungusha zana, kwa ndani hadi inaua beringi. Wengi hukata kwa kukadiria. Mimi niliitenganisha vipande viwili, nikachomeka kimoja kwenye trekta na kingine kwenye rotaveta, nikapandisha na kushusha mikono polepole hadi nikapata pale ncha zinapokaribiana zaidi. Hapo nikavilaza ubavu kwa ubavu, nikachora kwa chaki, nikabakiza nafasi ya sentimita mbili na nusu visigonge mwisho. Nikakata bomba la ndani na la nje kipimo kilekile, na kava za plastiki vilevile, nikapiga tupa hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa, nikapaka grisi. Hata inaporefuka zaidi, mabomba lazima yabaki yameingiana angalau theluthi.

Jambo jingine: matrekta mengi ya Kijapani yana gia kadhaa za PTO, na rotaveta nyingi zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Maandishi ya wenzo wangu ni ya Kijapani, nikaazima kipima mizunguko kwa fundi wa jenereta. Gia ya kwanza ndiyo yenyewe. Ya tatu ina kasi zaidi, nimeifunga waya, kijana asije akaiingiza kwa haraka zake.

Masika haya nimelima eka moja kwa saa mbili hivi, tairi za mbele zimekaa chini muda wote. Sasa natafuta slasha ya kufyekea majani, na kabla sijauliza bei nauliza kwanza unene wa pini.