Mikono Mara ya Pili

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno letu la juma hili liko Marko 8:22-26. Nalileta kwa ajili ya wenzetu wanaopambana na pombe, unga, bangi, vidonge au kamari, pamoja na watu wa nyumbani mwao wanaolala jicho moja likiwa wazi.

Kipofu analetwa kwa Yesu huko Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate ya macho, anamwekea mikono, kisha anamwuliza, "Waona kitu?" Naye anajibu, "Naona watu kama miti, inakwenda." Yesu anaweka tena mikono juu ya macho yake, ndipo anaona vyote waziwazi. Katika Injili zote, hapa tu ndipo tunaposoma uponyaji uliokuja kwa hatua mbili.

Tukae kidogo kwenye jibu la yule mtu. Angeweza kusema, "Naona vizuri, Bwana, asante," akaenda zake akipapasa ukuta mpaka kufa. Lakini alisema kweli: nuru ipo, ila haijatimia. Na sisi, mtu akiokoka leo, kesho tunamkabidhi kipaza sauti atangaze kwamba kiu yote imekwisha. Kiu ikimrudia mwezi wa tatu, ataisemea wapi, na ushuhuda wake umeshatangulia? Anabaki kuimba kwa sauti kubwa huku anazama. Naamini haraka yetu ya kutaka ushuhuda imewaumiza wengi, na inafaa tuiache.

Wapo ambao Mungu huwaondolea hamu kwa siku moja, na jina lake litukuzwe. Walio wengi hawapiti njia hiyo. Ubongo uliozoea kilevi kwa miaka hauponi kwa siku saba. Arosto, yale mateso ya mwili ya siku za kwanza za kuacha, ikishapita, bado kuna usiku usio na usingizi, hasira zisizo na sababu, na siku ambazo hakuna kinachopendeza, hata chakula alichokuwa akikipenda. Mtoto wake anamsimulia ya shuleni naye anaona midomo tu ikicheza. Watu kama miti. Aliye hapo bado yumo mikononi mwa Yesu.

Wala Yesu hakumkemea kwa imani haba. Aliweka mikono tena.

Mei 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikutana na daktari mlevi, Bob Smith. Walizungumza kwa saa nyingi, na Bob akaacha kunywa. Wiki chache baadaye Bob alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akanywa tena, akarudi akiwa hajiwezi. Wilson hakumfungia mlango, alikaa naye mpaka akatulia. Siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Bob kugusa pombe, Juni 10, 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanayoiadhimisha kuwa siku yao ya kuzaliwa. Kwa hiyo ushirika ule ulianza kwa mtu aliyeanguka akainuliwa tena.

Nawasihi, mkono huo wa pili wakati mwingine ni wa daktari. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka siku chache za mwanzo, na anaweza kufa. Msimfungie chumbani kwa mfungo na maombi peke yake. Mpelekeni hospitali, na maombi yaende naye huko huko. Kwa aliyekuwa akitumia heroini, hatari kubwa iko baada ya kuacha: mwili umeshapoteza uzoefu, na kipimo kile kile cha zamani kinaweza kumzimia pumzi. Ndiyo maana nyumba inayotangaza "ukirudia tu, usirudi hapa" inanitisha. Anayeogopa kufukuzwa atatumia akiwa peke yake, mlango umefungwa, mahali ambapo hakuna wa kumpigia kelele wala wa kumpa naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini. Na anayekunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya heroini, kila siku kwa maelekezo ya kliniki asiambiwe kwamba hajaokoka sawasawa.

Sasa ninyi wa nyumbani. Najua mama anayemkumbatia mwanawe ili tu apate kumnusa. Najua mke anayejua kwa namna ufunguo unavyogusa kitasa kwamba leo mume amekunywa. Uchungu huo una haki yake, na Mungu anauona. Hata hivyo, kuulizwa ni tofauti na kupekuliwa. Yesu aliuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa "bado", na alikuwa tayari kulipokea. Muulizeni hivyo hivyo: leo hali ikoje? Akisema leo hamu imemshika vibaya, msianze kulia wala kuhubiri. Amewaambia kweli, na hilo ni jambo kubwa kuliko siku kumi za "niko sawa".

Kuweka mikono tena si kumlipia madeni ya kilevi, wala kumpigia simu bosi wake kusema ana malaria. Mnaweza kumpenda na fedha zikafungiwa. Nanyi pia mnahitaji wa kuwashika mkono. Lois, mke wa Bill Wilson, aliliona hilo, na mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, ushirika kwa ajili ya familia za walevi, kwa kuwa hata mume alipoacha pombe, yeye bado alikuwa na majeraha yake.

Mwisho wa habari, Yesu anampeleka nyumbani kwake akisema, "Hata kijijini usiingie." Macho yamepona, na bado anapewa mpaka. Kwa hiyo ndugu, namba ya yule muuzaji uliyoihifadhi kwa jina lingine, ifute leo mbele ya mtu unayemwamini. Badili njia ya kurudia nyumbani kama ya zamani inapita maskani. Nanyi wa nyumbani, kama bado mmeweka chupa kabatini kwa ajili ya wageni, kijiji mmekihamishia ndani. Itoeni kabla hajarudi.