Nicodemus, Kansas: watu 14

Jioni hii kuna mtu kaniuliza: "Mji wa watu 14 unaitwaje mji?" Nikasema ngoja niandike.

Nicodemus uko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, wilaya ya Graham, jirani na mto Solomon wa Kusini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14.

Ulianzishwa mwaka 1877 na Waamerika Weusi waliotoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky. Treni iliwashusha mji wa Ellis. Kutoka hapo ni mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Waliofuata baadaye, walipofika, hawakuona nyumba. Waliona moshi unatoka ardhini.

Mbuga ile haina miti ya mbao, kwa hiyo waliotangulia walichimba mashimo kwenye miinuko, wakaezeka kwa matawi na udongo wa nyasi, na kutoboa tundu la moshi. Ukiwa mbali, unaona ule moshi tu. Baadhi waligeuza siku ya pili. (Nani angewalaumu?) Baridi ya kwanza, Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia chakula.

Kilichoumaliza mji si baridi, ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipitisha hati za mkopo za dola 16,000 ili kuvutia reli. Haikuja. Mwaka 1888 reli ya kampuni ya Union Pacific ikapita ng'ambo ya mto, na wenye maduka wakahamia huko, wengine na majengo yao.

Ila kila mwisho wa Julai wajukuu hurudi kusherehekea, na mji hufurika.

Wewe ungeona moshi ule, ungebaki au ungegeuza?