Fedha Inayofika Kabla ya Palizi

Januari inaelekea ukingoni, palizi imepamba moto katika vijiji vya wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na huu ndio mwezi ambao vihenge huwa vitupu. Mtu asiyeijua Dodoma akipita barabarani sasa ataona kijani kila upande, mtama na uwele vimefika magotini, naye atadhani kwamba watu wameshiba. Mazao hayo hayataliwa kabla ya Mei. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo chakula cha mwaka jana kikiisha hakuna mavuno mengine ya kukimbilia. Wiki hii fedha za TASAF, yaani ruzuku ambayo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii huzipa kaya maskini, zimetoka, na nimekuwa nikitafakari kwa nini kiasi kilekile kikitolewa Julai na kikitolewa Januari huwa vitu viwili tofauti kabisa ndani ya nyumba ya maskini.

Wanaozungumzia ruzuku hizi, hasa wale wanaoishi mjini, huanza kwa kuuliza ni shilingi ngapi, na wakitajiwa kiasi hutikisa kichwa na kusema kwamba fedha hiyo haiwezi kumtoa mtu katika umaskini. Mimi ninaishi na kaya hizi na kuwafundisha watoto wao, na kadiri ninavyoziangalia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba siku ambayo fedha inafika ina uzito kuliko wingi wake.

Kaya iliyoishiwa chakula Januari ina njia mbili. Ya kwanza ni kibarua: mama na baba wanaamka alfajiri kwenda kupalilia shamba la mwenye uwezo, wanalipwa ujira wa siku, wananunua unga jioni, na kesho wanarudi kulekule, huku shamba lao wenyewe likimezwa na magugu katika wiki zilezile ambazo mtama unahitaji jembe kuliko wakati mwingine wowote. Ya pili ni kukopa nafaka: debe moja linachukuliwa sasa kwa ahadi ya kurudisha mawili, na kwa mkopeshaji asiye na huruma hata matatu, mara baada ya kuvuna. Mara nyingi kaya hufuata njia zote mbili kwa pamoja. Mei ikifika, shamba lililochelewa kupaliliwa linatoa kidogo, kidogo hicho kinaanza kulipa deni, na kinachobaki hakifiki Desemba. Njaa ya mwaka ujao inapandwa mwezi huu, na watu wanaoipanda ni wachapakazi wasiokosa hata siku moja shambani, ila shamba wanalolifanyia kazi ni la mwingine.

Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya ruzuku. Jirani yangu ni bibi anayelea wajukuu watatu. Jana nilimkuta amekaa kwenye mkeka, noti amezitandaza mbele yake na kuziwekea vijiwe ili upepo usizichukue.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Karibu, ninagawa kabla hazijanikimbia."

Kifungu cha kwanza kilikuwa cha debe la mtama, cha pili cha madaftari na sketi ya shule ya mjukuu mkubwa, na cha tatu, noti moja ya elfu mbili, kilikuwa cha hisa katika kikundi chao cha kuweka akiba. Nilimuuliza shamba linaendeleaje. Akanijibu, "Mwaka juzi mpaka Machi nilikuwa kwenye mashamba ya watu. Mwaka huu langu nimelipalilia mara mbili, njoo ulione." Nililiona. Mistari ilikuwa safi, karanga zimetambaa katikati ya mtama, na pembeni kidogo lilikuwapo shamba la jirani asiyepokea ruzuku, ambalo magugu yalikuwa yamelingana kimo na uwele.

Hapa kwetu jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Kabla ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndio TASAF inautumia kutoa ruzuku hizi, kuzinduliwa mwaka 2012 na baadaye kufikia kaya zaidi ya milioni moja, Chamwino ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu za majaribio, pamoja na Bagamoyo na Kibaha za mkoa wa Pwani. Vijiji 80 vilihusishwa. 40 vilianza kulipwa Januari 2010, na 40 vilisubiri ili ulinganisho uweze kufanyika. Kaya ilipata thamani ya dola 12 hadi 36 za Marekani kila baada ya miezi miwili. Tathmini iliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2014 ilionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wao walipata viatu, na mahudhurio ya zahanati yaliongezeka mwanzoni kisha yakapungua kadiri watu, hasa watoto wadogo, walivyozidi kuwa na afya. Kaya hizo pia zilinunua mifugo, na hasa kuku.

Suala la kuku ninalitilia maanani sana. Fedha inayotoka Julai, wakati chakula kipo na bei ya mtama iko chini, haina dharura ya kutibu, na ni rahisi iishe bila kuonekana ilikokwenda. Lakini mama akinunua tetea wawili Julai, amepata namna ya kuisafirisha fedha ya kiangazi mpaka Januari, kwa sababu vifaranga watakuwa wamekua na anaweza kuuza jogoo mnadani siku ile ambayo angelazimika kwenda kibaruani. Kinachokatisha safari hiyo ni mdondo, ugonjwa wa kuku unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na chanjo yake ni tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa bei ambayo kikundi cha akina mama kinaimudu wakichangishana. Ningependa kuona chanjo hiyo inazungumzwa siku ya malipo kwa uzito uleule unaopewa masharti ya shule na kliniki, ambayo kaya hutakiwa kuyatimiza ili iendelee kulipwa.

Kuhusu hofu kwamba fedha zitaishia kilabuni, nitasema kwa ufupi. David Evans, aliyeshiriki katika tathmini ile ya Chamwino, alishirikiana na Anna Popova kupitia tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, na hawakukuta kwamba ruzuku zinaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Wanaume wanaokunywa pombe wapo hapa kijijini, nao walikuwapo kabla ya ruzuku. Katika kaya ninazozijua, anayepokea ni mama au bibi, na mtu aliyewahi kulaza watoto njaa hahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya noti ya elfu kumi.

Masharti ya shule ninayafahamu kwa karibu zaidi kwa sababu sisi walimu ndio tunaojaza fomu za mahudhurio. Mtoto anatakiwa awepo angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na kaya ambayo mtoto wake hatimizi inaweza kukatwa. Tatizo letu ni la Machi na Aprili, mtama na uwele vinapoanza kukomaa na kweleakwelea wanaposhuka kwa makundi. Mtu asipokuwepo shambani tangu kunapopambazuka mpaka jua linapozama, punje zote zitaliwa, na anayetumwa kuamia ndege ni mtoto. Bibi mwenye wajukuu watatu na shamba moja atafanya nini? Siombi masharti yafutwe, kwa maana nimeona wasichana waliobaki darasani kwa sababu yake, na nimeona wazazi waliokuja kuniuliza habari za mtoto kwa mara ya kwanza baada ya fomu hizo kuanza. Ninachoomba ni kwamba kaya isikatwe fedha katika majuma yaleyale ambayo inaokoa mavuno yake, kwani fedha inayokatwa Aprili inarudisha nyuma kazi yote iliyofanywa na fedha ya Januari.

Yapo pia maumivu ya wasiochaguliwa. Majina hupendekezwa katika mkutano wa hadhara, baadaye taarifa za kaya huchukuliwa na kupimwa, kisha orodha hurudi mkutanoni ithibitishwe. Utaratibu huo ni mzuri, lakini katika kijiji ambacho karibu kila mtu anakula mlo mmoja mwezi huu, mstari unaomtenganisha maskini na maskini zaidi ni mwembamba mno. Kule Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwahi kutoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya iliyokuwa ikiishi katika nyumba ya nyasi, zaidi ya kaya 10,000 katika eneo la vijiji 653, na watafiti wakaona kwamba faida iliwafikia hata majirani wasiopewa, kwa kuwa fedha ilizunguka madukani na katika vibarua huku bei zikipanda kidogo mno. Hapa Ugogoni, nchi ya Wagogo, kipimo cha nyasi kisingefaa, kwa sababu tembe zetu zimeezekwa kwa udongo, na anayeishi katika tembe anaweza kuwa na ng'ombe arobaini. Inabaki kuwategemea watu kufahamiana na kusema kweli mbele ya wenzao. Katika wilaya zile tatu za majaribio ilionekana kwamba ruzuku iliongeza imani ya wananchi kwa viongozi wa kijiji, na zaidi pale ambapo mikutano ilifanyika mara kwa mara. Hilo halinishangazi. Mtu aliyekosa nafasi huku akiwa amesikia sababu kwa masikio yake anaumia, lakini hamchukii jirani yake.

Imani hiyo inavunjwa na jambo moja ambalo nimeliona katika kijiji nisichotaka kukitaja. Siku ya malipo, pembeni mwa meza ya fedha iliwekwa meza ya pili ya michango: ujenzi, ulinzi, na mengine ambayo sikuyaelewa. Mama aliyesaini kupokea elfu thelathini na sita aliondoka na elfu ishirini na moja, na hesabu ya debe aliyoifanya akiwa njiani ikavurugika papo hapo. Mchango unaweza kuwa halali na wa manufaa kwa wote. Hata hivyo, kuuchukua Januari, kwa mtu ambaye angeweza kuutoa Julai bila kulia, ni kumrudisha kibaruani kwa mkono wa kijiji chake mwenyewe. Malipo kwa njia ya simu yamewaondolea baadhi ya kaya meza hiyo ya pili, ingawa bibi yangu hapa hana simu, na wenye simu wanategemea wakala aliye mbali.

Nimeomba kwa maandishi kwamba suala la michango, na muda wa kuitoa, liwe ajenda ya mkutano wa kijiji chetu wa Februari, na kwamba michango yote ya hiari na ya lazima ihamishiwe baada ya mavuno. Mwenyekiti wa kitongoji ameniahidi kwamba ajenda hiyo itaingia. Bibi amesema atasimama aseme mwenyewe, kwa kuwa shamba lake liko kando ya njia na kila atakayekuja mkutanoni atakuwa amelipita na kuliona.