KABLA

Asubuhi hii nimetoka duka la dawa hapa Mwembe Tayari nimeduwaa.

Miezi miwili nameza omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo inayopunguza asidi, nikishamaliza mahamri na mbaazi. Usiku, saa saba hivi, tumbo lachoma kama kaa la moto, naketi kitandani nimekumbatia mto.

Leo dada wa dawa kaniuliza, "Waimeza saa ngapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo!

Kumbe yatakiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Chakula kikiamsha pampu zinazotoa asidi tumboni, dawa iwe ishafika. Na usiku asidi hupanda, hasa saa nne hadi saa nane.

Kachukua kalamu nyekundu, kaandika juu ya boksi: KABLA.
Nimeliweka kando ya mto.

Wenzangu wa vidonda vya tumbo, nyinyi mwameza saa ngapi?